Mtu Aliyeuza Jua kwa Uniti

Sogeeni karibu, wanangu. Leo sina kisa cha sungura wala cha jini wa baharini. Nina kisa cha kweli cha mtu aliye hai, na ndani yake mna paa la duka, karatasi ya mkataba, na ofisi ya serikali iliyokabidhiwa uwezo wa kukopesha fedha nyingi kuliko bajeti ya Kenya na ya Tanzania zikijumlishwa. Swali linalokiongoza kisa hiki ni moja: jua huwaka kila siku na halimtozi mtu, basi kwa nini umeme wake uliwashinda watu kwa miaka mingi hivyo?

Mtu wetu anaitwa Jigar Shah. Alizaliwa mwaka 1974 Modasa, mji wa jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Ni jimbo lile lile ambalo majahazi yake yalisukumwa na kaskazi hadi Mombasa na Unguja. Wazazi wake hawakuja kwetu. Walihamia Marekani mtoto wao akiwa mdogo sana, wakakaa Sterling, mji mdogo wa Illinois uliokuwa ukijulikana kwa kiwanda chake cha chuma. Huko ndiko alikokulia. Alisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Illinois, kisha akaenda Maryland kusomea shahada ya uzamili ya biashara.

Shikeni jambo hilo la masomo mawili, maana ndilo mzizi wa kisa chote. Uhandisi ulimfundisha jinsi mtambo unavyofanya kazi. Biashara ilimfundisha kuuliza nani atalipa, atalipa lini, na hasara ikitokea itamwangukia nani. Watu wengi hujua upande mmoja tu.

Kwanza tuelewane kuhusu paneli ya sola. Kwa kawaida ndani yake mna silikoni, kitu kinachopatikana katika mchanga wa kawaida kikasafishwa kwa moto mkali. Mwanga ukiigonga silikoni iliyotayarishwa vizuri, chembe ndogo mno ziitwazo elektroni husukumwa na kuanza kutembea, na mwendo huo wa elektroni ndani ya waya ndio umeme. Hakuna kinachozunguka, hakuna moshi, hakuna mafuta ya kununua. Mwaka 1954, katika maabara za Bell huko New Jersey, wanasayansi watatu, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walionyesha silikoni iliyogeuza sehemu 6 hivi kati ya 100 za mwanga kuwa umeme. Miaka minne baadaye setilaiti ya Vanguard 1 ilirushwa angani ikitumia umeme wa jua. Leo paneli nyingi za madukani hugeuza zaidi ya sehemu 20 kati ya 100.

Sasa hesabuni. Kutoka 1954 hadi mwaka 2003, ambapo Shah alianzisha kampuni yake, ni karibu miaka 50. Katika miaka hiyo yote elimu ya kugeuza jua kuwa umeme ilikuwepo. Wahandisi walikuwepo, na jua lilikuwepo. Mbona basi mapaa yalibaki matupu?

Jibu liko katika namna ya kulipa. Mtu mwenye jenereta hununua mtambo, kisha hununua mafuta kidogo kidogo, leo lita tano, wiki ijayo lita tano nyingine. Gharama yake imetawanyika katika miaka mingi. Mwenye sola hanunui mafuta kabisa, lakini siku ya kwanza analazimika kulipia paneli zote, waya zote na mafundi wote. Kwa maneno mengine, ananunua umeme wa miaka 25 kwa siku moja. Ni nani kati yenu ambaye baba au mama yake angeweza kununua unga wa miaka 25 leo asubuhi? Hata tajiri mwenye maduka mia atasita, kwa sababu fedha hizo anaweza kuzitumia kufungua duka jingine.

Shah alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya BP Solar na aliliona tatizo hili kwa karibu. Wauzaji walimwendea mwenye duka na kumweleza uzuri wa paneli: wati zake, uimara wa kioo chake, miaka ya dhamana yake. Mwenye duka aliwasikiliza, akawashukuru, akawaaga. Hakuwa na haja ya paneli. Alitaka taa ziwake, friji zigandishe na bili ipungue.

Ndipo Shah akaanzisha kampuni ya SunEdison, na kampuni hiyo ikaenda kwa wenye maduka na maneno mengine kabisa. Ilisema hivi: tupe paa lako. Paneli tutanunua sisi, tutazifunga sisi, zikiharibika tutazitengeneza sisi. Wewe utanunua umeme unaotoka juu ya paa lako, uniti kwa uniti, kwa bei tuliyokubaliana, na hutatoa hata senti siku ya kwanza. Mkataba ulikuwa wa miaka mingi, mara nyingi hadi 20.

Tuchukue mfano, na takwimu hizi nimezitunga ili mfuate hesabu. Tuseme mtambo wa sola wa duka moja unagharimu shilingi milioni 8 na unatoa uniti 75,000 kwa mwaka. Mwenye duka alikuwa akinunua uniti moja kwa shilingi 20 kutoka kampuni ya umeme. Sasa ananunua kwa shilingi 16. Kila mwaka anawalipa wenye mtambo shilingi 1,200,000, na kila mwaka anabakiwa na shilingi 300,000 ambazo zamani zilikuwa zikienda kwenye bili. Wenye mtambo nao wanarudisha milioni 8 zao kabla ya miaka saba kwisha, na mkataba bado una miaka 13 mbele. Hakuna aliyeibiwa. Waliogawana ile faida ni wawili, na jua halikudai fungu lake.

Lakini ngojeni, mtaniuliza: hizo milioni 8 za mwanzo zilitoka wapi, ikiwa kampuni yenyewe ilikuwa changa? Hapo ndipo ile karatasi ya mkataba inapoonyesha nguvu zake. Duka kubwa linalojulikana kwa kulipa madeni yake limetia sahihi kwamba litanunua umeme kwa miaka 20. Karatasi hiyo ukiipeleka kwa mwenye fedha, anaona mapato yanayotabirika kila mwezi, na mwenye fedha hupenda sana kutabiri. Mwaka 2005 benki ya Goldman Sachs ilishiriki kuanzisha mfuko wa dola milioni 60 kwa ajili ya mitambo ya SunEdison. Maduka kama ya Whole Foods na Staples yakatoa mapaa yao.

Serikali pia ilikuwa ndani ya hesabu hiyo tangu mwanzo, ingawa wengi huisahau. Mwaka huohuo wa 2005 Kongresi, yaani Bunge la Marekani, ilipitisha sheria iliyompa anayewekeza katika sola nafuu ya kodi ya asilimia 30 ya gharama. Baadhi ya majimbo yaliziamuru kampuni za umeme zipokee umeme wa ziada wa sola na kumhesabia mteja uniti hizo. Bila sheria za aina hiyo hesabu isingetoka. Mfanyabiashara alileta mkataba, serikali ikaleta kanuni, na mapaa yakaanza kujaa.

Wengi wenu mmeshauona mpango wa ukoo huohuo karibu na kwenu. Nchini Kenya kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza taa za sola mwaka 2012 kwa familia zisizo na umeme wa gridi. Mama alilipa kiasi kidogo cha kuanzia, kisha shilingi 50 hivi kwa siku kupitia M-Pesa. Akilipa, mtambo unafunguka. Asipolipa, unajifunga mpaka alipe. Iko tofauti moja muhimu: mteja wa M-KOPA akimaliza kulipa, mtambo ni mali yake, ilhali mwenye duka wa SunEdison alinunua umeme tu. Hata hivyo mipango yote miwili inajibu swali moja, yaani jinsi ya kuivunja ile bei kubwa ya siku ya kwanza kuwa vipande ambavyo mtu anavimudu. Bandu bandu huisha gogo.

Mwaka 2009 SunEdison iliuzwa kwa kampuni ya MEMC kwa dola milioni 200. Shah angeweza kukaa kitako na kula fedha zake. Alikwenda kuongoza shirika la Carbon War Room, lililoanzishwa na tajiri Richard Branson na wenzake. Shirika hilo lilitafuta biashara ambazo zingeweza kupunguza moshi na kuokoa fedha kwa pamoja. Moja ya kazi zake ilikuwa kuzipanga meli za mizigo kwa herufi, kuanzia zile zinazotumia mafuta kwa uangalifu hadi zinazoyafuja, ili anayekodi meli ajue anachokodi. Mwaka 2014 akaanzisha na wenzake kampuni ya Generate Capital, inayomiliki na kuendesha mitambo ya nishati safi kwa niaba ya watu wanaohitaji huduma yake lakini hawataki kuinunua. Mnaona? Ni wazo lilelile la paa la duka, limepelekwa kwenye mitambo mingine.

Sitawaficha upande mchungu. MEMC, ile iliyoinunua SunEdison, ililipenda jina hilo hata ikalifanya kuwa lake. Ikakopa, ikanunua kampuni nyingine, ikakopa tena. Aprili 2016 ikaomba kinga ya mahakama kwa kufilisika, ikiwa na madeni ya takriban dola bilioni 16. Wakati huo Shah alikuwa ameondoka zamani. Mkataba wa umeme wa miaka 20 ulikuwa mzuri. Kilichoiua kampuni ni madeni yaliyokua kwa kasi kuliko mapato. Wazo jema haliwezi kumwokoa mtu asiyejua kusema basi.

Sasa tuingie serikalini. Machi 2021 Shah aliteuliwa kuongoza Ofisi ya Programu za Mikopo katika Wizara ya Nishati ya Marekani. Ofisi hii ilitokana na ile sheria ya 2005. Kazi yake ilikuwa kukopesha, au kudhamini mikopo ya miradi ya nishati ambayo ilikuwa imeshathibitika kitaalamu lakini benki bado ziliiogopa. Kila benki inataka kuwa ya pili. Hakuna inayotaka kuwa ya kwanza. Ofisi hiyo ilikubali kuwa ya kwanza.

Historia yake kabla ya Shah inafaa kusimuliwa, maana ina watoto wawili wa mji mmoja. Katika mji wa Fremont, California, ilikuwepo kampuni iitwayo Solyndra. Ilitengeneza sola za umbo la mirija, zisizotumia silikoni, kwa kuwa wakati ule silikoni ilikuwa ghali. Mwaka 2009 ofisi iliidhamini kwa mkopo wa dola milioni 535. Kisha bei ya silikoni ikaporomoka, paneli za bei nafuu zikafurika sokoni, na mirija ya Solyndra ikakosa wanunuzi. Mwaka 2011 ikafilisika, na walipa kodi wakapata hasara. Kampuni ya pili ni Tesla, inayotengeneza magari ya umeme. Januari 2010 ofisi hiyohiyo iliikopesha dola milioni 465, na magari yake yakaanza kuundwa kwenye kiwanda cha Fremont. Mei 2013 Tesla ililipa deni lote, miaka tisa kabla ya muda.

Ofisi hiyo pia ilidhamini mashamba makubwa ya kwanza ya sola nchini Marekani, likiwemo la Agua Caliente huko Arizona. Benki zilipoona kwamba yanazalisha umeme na kulipa madeni, ziliingia zenyewe kufadhili mengine. Hilo ndilo lilikuwa lengo. Lakini jina la Solyndra lilipigiwa kelele za kisiasa kwa miaka, na mikopo mipya ikawa michache mno. Wazee wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ofisi ile iliyaweka makoleo karibu yote chini kwa sababu ya moja lililovunjika.

Kazi ya Shah ilikuwa kuufufua uhunzi. Juni 2022 ofisi ilitoa dhamana ya dola milioni 504.4 kwa mradi ulioko Delta, jimbo la Utah. Mradi huo unatumia umeme wa jua na upepo uliozidi mahitaji kuyatenganisha maji, ili kupata gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo huhifadhiwa katika mapango yaliyochimbwa ndani ya mwamba wa chumvi chini ya ardhi, itumike kuzalisha umeme miezi ambayo jua ni hafifu. Agosti 2022 sheria nyingine ikapitishwa, na uwezo wa ofisi wa kukopesha ukapanda kutoka takriban dola bilioni 40 hadi kiasi cha bilioni 400. Alipoondoka Januari 2025, ahadi za masharti pamoja na mikopo iliyokamilishwa zilikuwa zimezidi dola bilioni 100.

Hapa nataka mfikiri kwa makini. Mtu aliyetoka kwenye biashara ya nishati anapopewa funguo za fedha za umma, wananchi wana haki ya kuuliza: je, hatawapendelea marafiki zake? Wabunge wa Marekani walimwita na kumuuliza maswali makali kuhusu jambo hilo. Maswali hayo ni halali, na nchi yoyote inayoacha kuyauliza itaibiwa. Ndiyo maana maafisa wa ngazi hiyo hutakiwa kutangaza mali zao na kukaa mbali na maamuzi yanayowagusa wao wenyewe. Ujuzi wa biashara ukiingia serikalini bila ulinzi huo, hugeuka mwanya. Ukiingia na ulinzi huo, unakuwa msaada mkubwa, kwa sababu afisa ambaye hajawahi kuomba mkopo hajui mahali mkopaji anapokwama.

Tena jifunzeni kwamba kazi ya serikali haimilikiwi na mtu. Utawala mpya ulipoingia Januari 2025, Shah aliondoka na sera zikabadilika. Baadhi ya ahadi zilizotolewa wakati wake zilifutwa. Kilichobaki ni mitambo iliyokwisha kujengwa, mikataba iliyokwisha kufungwa kisheria, na watu waliopata ujuzi.

Je, haya ni mambo ya Marekani peke yake? Hapana. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliunda kampuni ya umma ya jotoardhi, GDC. Kuchimba kisima cha mvuke ni ghali sana, na unaweza kuchimba usiupate mvuke. Wafanyabiashara wachache wako tayari kubeba hasara hiyo. Basi serikali ikachimba kwanza huko Menengai, karibu na Nakuru, na mvuke ulipopatikana, kampuni binafsi ya Sosian ikajenga mtambo wa megawati 35 ulioanza kuzalisha mwaka 2023. Serikali ilibeba hofu ya mwanzo. Mfanyabiashara akabeba ujenzi na uendeshaji. Ni somo lilelile la Fremont na Delta, limeandikwa kwa mvuke wa Bonde la Ufa.

Nimewasimulia haya kwa sababu mtoto akisema anataka kufanya kazi ya nishati safi, watu wazima humwambia asome fizikia, kisha wananyamaza. Fizikia isomeni, tena kwa bidii. Lakini jua halikucheleweshwa na fizikia kwa miaka ile 50. Lilicheleweshwa na bei ya siku ya kwanza, na uoga wa wenye fedha, na kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya mafuta na makaa ya mawe. Mambo hayo huondolewa na mwanasheria anayeandika mkataba usio na mtego, na mhasibu anayejua riba, na mbunge anayeelewa anachopigia kura, na fundi anayerudi kutengeneza alichokifunga. Bara letu linawahitaji wote hao, na linawahitaji mapema, maana mamilioni ya watu bado wanasomea mwanga wa kibatari.

Basi hii ndiyo kazi ninayowapa. Leo jioni mwombeni mzazi awaonyeshe bili ya umeme, au ujumbe wa tokeni au LUKU kwenye simu yake. Tafuteni idadi ya uniti na bei ya kila uniti, mkapige hesabu ya mwaka mzima. Kisha ulizeni paneli za kutosha nyumba yenu zinauzwa kiasi gani dukani, mkaigawanye bei hiyo kwa gharama ya umeme wa mwaka mzima. Mkilipata jibu, mtakuwa mmeifanya hesabu ileile iliyojenga kampuni, na mtajua ni kitu gani hasa cha kumdai mfanyabiashara, na kipi cha kumdai kiongozi wenu.